Ziwa la Mama Sokoni

Katika miaka ya tisini ya karne iliyopita, nilipokuwa na mwanangu wa kwanza, kwenda Darajani kulikuwa safari ya nusu kutwa. Mtu alitoka Ng'ambo na kapu lake, akapita kwa wauza samaki, akapita kwenye ndizi na mbatata, na mpaka anageukia maduka ya nguo jua limeshampata utosini. Mtoto mchanga hajui bei wala hajui jua, anajua njaa. Siku moja mwanangu aliangua kilio nami nimo katika kubishania bei ya doti ya kanga. Mwenye duka, mtu wa makamo, hakusema neno. Alinisogezea kigoda, akanipa mgongo, akaanza kukunja vitambaa ambavyo, nionavyo, vilikuwa vimeshakunjwa. Nikaketi, nikajitanda kanga, nikanyonyesha. Tulipokwisha, mimi na mwanangu, yule bwana aligeuka na bei ikaendelea pale pale tulipoiachia.

Mtoto yule leo naye ni mama. Karibuni alikwenda kununua vitu katika duka moja kubwa la vioo, lenye vikapu vya magurudumu na ubaridi wa mashine. Mwanawe akalia. Akajitenga pembeni, akajifunika, akampa ziwa. Akaja mfanyakazi, kijana wa adabu, akamwambia kwamba wateja wengine wanaona haya, na kwamba choo kiko upande wa nyuma. Binti yangu hakwenda chooni. Aliliacha kapu lake pale pale akarudi nyumbani. Jioni akaniuliza: "Mama, hivi nyinyi zamani mkifanyaje?"

Nilimsimulia khabari ya kigoda. Lakini zamani ya mji huu ni ndefu kuliko umri wangu, na swali lake lilinikosesha usingizi. Makala hii ni jibu lake refu.

Jibu fupi tunalisikia kila siku mabarazani: kwamba zamani mwanamke wa heshima hakwenda sokoni kabisa, kwa hivyo jambo hili halikuwako. Jibu hilo ni kweli kwa baadhi ya wanawake tu. Sokoni walikuwako wanawake daima, na wengine walikuwa na watoto kifuani. Tatizo ni kwamba tunapotaja "wanawake wa zamani" tunawakumbuka mabibi na kuwasahau waliowatumikia.

Mwaka 1811 alifika Unguja nahodha mmoja wa Kiingereza, Thomas Smee, aliyetumwa kutoka Bombay kuja kuichunguza pwani hii. Katika khabari alizoandika ameeleza jinsi watumwa walivyopangwa safu na kutembezwa mjini ili wanunuzi wawatazame. Miongoni mwao, anasema, alionekana mara nyingine mwanamke mwenye mtoto aliyezaliwa karibuni, mtoto yuko kifuani mwa mamake, na wote wawili wanazungushwa hivyo hivyo. Kwa hivyo mama wa kwanza tunayemwona katika maandishi akiwa na mtoto ziwani katika soko la mji huu hakuja kununua. Yeye mwenyewe alikuwa akiuzwa, na hapana mnunuzi aliyeona haya.

Soko la mwisho la biashara hiyo lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultan Barghash bin Said kutia saini mkataba na Waingereza mwezi wa Juni, na mahali pake pakajengwa kanisa ambalo lingali limesimama. Kutoka hapo hadi Darajani ni hatua chache. Nimeipita njia hiyo mara zisizo idadi na kapu mkononi na mtoto mgongoni, na nakiri kwamba miaka mingi sikuwahi kufikiri ni nani aliyeipita kabla yangu.

Tuje kwa mabibi. Katika nyumba za waungwana kapu lilishikwa na mwanamume au na mtumwa. Bibi alitoka usiku, kwenda kuzuru jamaa zake. Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti Said, ameyaeleza matembezi hayo katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886: giza, mafanusi, na msafara wa watumwa. Kule Lamu palikuwa na shiraa, hema la kitambaa lililochukuliwa na watumwa, bibi akatembea ndani yake asionekane. Mtoto wa bibi huyo hakunyonyeshwa njiani kwa sababu hakupelekwa njiani. Alibaki ndani, na palikuwa na nyumba ambamo ziwa alilopewa halikuwa la mama aliyemzaa, bali la mtumwa.

Dini ilikuwa imekwisha kulitazama jambo hilo. Katika Suratul Baqara mama wametajiwa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na wazazi wameruhusiwa kumtafuta mnyonyeshaji mwingine, kwa sharti la kumlipa inavyostahiki. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alilelewa kwa ziwa la Halima wa Banu Saad. Kunyonyesha mtoto wa mwingine, basi, hakukuwa udhalili. Lakini Halima alikuwa mwanamke huru, na aliporudi kwao alirudi na mtoto kwa khiyari yake. Mtumwa hakuulizwa khiyari wala hakupewa ujira. Mimi niliyezoea kushughulika na maneno ya lugha mbili nimewahi kustaajabu kwamba kitenzi kile kile cha mtoto na mama ndicho tulichokichagua kutaja dhuluma ya mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe, na Azimio la Arusha la 1967 likalifanya neno "unyonyaji" lijulikane nchi nzima. Nikimfikiria mnyonyeshaji yule wa nyumba kubwa, staajabu yangu hupungua.

Hata hivyo, ziwa lilikuwa na sheria yake ambayo bwana hakuweza kuifuta. Mtoto wa bwana aliyenyonya kwa mtumwa alikuwa ndugu wa mtoto wa mtumwa huyo, na ndoa baina yao ikawa haramu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, wafuatwayo na wengi wa pwani hii, undugu huo huthibiti kwa kunyonya mara tano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Ndiyo sababu bibi yangu alinikanya nisimpe ziwa mtoto wa jirani ovyo ovyo, hata akilia namna gani. "Utawaozesha ndugu bila ya kujua," alikuwa akisema. Watu waliolihesabu ziwa mara kwa mara namna hiyo, wakakumbuka nani amemnyonyesha nani, na wapi, hawakulitazama kama jambo la kuficha chooni. Walilitazama kama jambo la nasaba.

Ushahidi mwingine umo katika desturi za harusi. Pamoja na mahari, wazee wetu walitaja vitu vya wazazi wa bibi arusi: kilemba cha baba, na kwa mama mkaja na ubeleko. Mkaja ni kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kuzaa, na ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto. Huyo anayekuja kuposa anaambiwa, kwa lugha ya nguo, kwamba msichana huyu alibebwa na mtu. Na nguo ya kubebea si nguo ya kukaa ndani. Ni ya mwanamke mwenye kazi za mikono, anayekwenda kisimani, shambani na gengeni, na mtoto akiamka anazungushwa kutoka mgongoni kuja kifuani bila ya fundo kufunguliwa.

Mwaka 1897 utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba, ingawa masuria walingoja mpaka 1909. Katika pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Kati ya tarehe hizo, mwaka 1904, lilijengwa soko la Darajani. Na ni katika kizazi hicho hicho mavazi ya wanawake yalipogeuka. Kanga, iliyoanza kuenea katika robo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, ikawa nguo ya waliokuwa wamekatazwa kujistiri kama mabibi zao. Kisha likaja buibui, likavaliwa na waungwana na waliokuwa watumwa wao. Shiraa halikuwa na wa kulibeba tena. Bibi alijifunza kutoka kwa miguu yake, na aliyekuwa mtumwa wake alijifunza kujifunika.

Nadhani mama yule ninayemkumbuka Darajani, aliyeketi ukingoni mwa baraza na mtoto chini ya buibui, kapu la mboga baina ya miguu yake, alizaliwa hapo. Sitara aliirithi kwa bibi, na ruhusa ya kuwa sokoni mchana aliirithi kwa mtumwa. Buibui la zamani, lile pana lililofungwa kichwani likateremka mpaka chini, lilimtosha yeye na mtoto pamoja. Wapitao waliona kitambaa cheusi na nyayo ndogo zikitikisika, wakapita.

Lakini ndani ya maduka ziwa lilikuwa limeanza kupata mshindani. Mwaka 1867, huko Uswisi, Henri Nestlé alianza kuuza unga wa maziwa wa watoto, na biashara ya aina hiyo ikaenea ulimwenguni. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyewahi kutibu watoto katika nchi iitwayo leo Ghana, alitoa hotuba Singapore aliyoipa jina la maziwa na mauaji. Aliwalaumu walionadi maziwa matamu ya kopo kuwa chakula cha watoto wachanga. Mwaka 1974 kikatoka kijitabu Uingereza kilichoyafanya mashitaka hayo yajulikane kote, na mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kuzisusia bidhaa za Nestlé. Mwezi wa Mei 1981 mataifa yalikutana Geneva yakapitisha kanuni za kuzuia unadi huo kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga, na nchi tatu hazikupiga upande wowote. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikatunga sheria mwaka 2012.

Kopo si adui. Yatima analihitaji, na mama mgonjwa pia, wala sitaki mama yeyote aliyelitumia asome maneno haya akainamisha kichwa. Madhara yalikuja liliponunuliwa na asiye na maji salama, au asiye na pesa za kopo la pili akazidisha maji katika la kwanza. Tena ziwa lina tabia yake: hutoa kadiri linavyonyonywa, na lisiponyonywa hupunguza. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hata kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwamo. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Mama asiyeruhusiwa kunyonyesha nje ya nyumba yake hawezi kuwa nje zaidi ya saa mbili au tatu. Kumwambia asinyonyeshe sokoni ni kumwambia asije sokoni, au aje akanunue kopo.

Hapo ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Duka lililomwelekeza binti yangu chooni halikurudisha mila ya zamani, kwani chakula cha mtu hakijawahi kupelekwa chooni katika mila yetu yoyote. Lilichorudisha, bila ya kujua, ni ule utaratibu wa bibi wa ndani: mwanamke mzazi akae asionekane, na mwingine amtumikie. Tofauti ni kwamba leo hakuna wa kumtumikia. Kapu ni lake, mtoto ni wake, na njia ni yake.

Wala si sisi peke yetu tunaobishana. Scotland ilitunga sheria mwaka 2005 kwamba ni kosa kumzuia mtu kumlisha maziwa mtoto aliye chini ya miaka miwili mahali pa watu wote. Nikaitabasamia miaka hiyo miwili niliyoijua tangu chuoni. Tanzania Bara, sheria ya kazi ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kila siku ya kazi. Na mwezi wa Mei 2018 mamia ya akina mama waliandamana Nairobi na watoto wao, baada ya mwenzao kusema kwamba alitakiwa katika mkahawa aende kunyonyeshea chooni. Niliposoma khabari ile nilidhani ni ya mbali. Sikujua kwamba ingenijia nyumbani.

Wengine wataniuliza: je, na haya? Haya ni pambo, nami sikulelewa nje ya hayo. Lakini katika duka la kanga haya ilikuwapo, na ilikuwa juu ya watu wawili. Mimi nilijitanda, na mwenye duka akageuka. Siku hizi haya yote tumemtwika mama, na mwenye macho hakuachiwa hata kazi ya kugeuza shingo.

Nilimwambia binti yangu tutarudi pamoja dukani pale, kwani vitu havijanunuliwa. Mtoto akilia, yeye atanyonyesha na mimi nitamwomba yule kijana wa adabu atuletee kigoda. Naamini atakileta. Pengine hapana aliyewahi kumwomba.