Pambo la Mtu Mzima

Neno kware lina maana mbili. Mwenyeji wa pwani alisikiapo humfikiri ndege wa porini, apendaye kukimbia kuliko kuruka. Lakini mtaa wa Kware, ulioko Embakasi, upande wa mashariki ya Nairobi, haukupata jina lake kwa ndege huyo. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machimbo ya mawe, likalainishwa na ndimi za watu. Maana hapo palichimbwa mawe ya kujengea. Naanza na jina hili, msomaji, kwa sababu insha hii ni ya mavazi, na katika habari za mavazi ya nchi zetu tutakutana na ndege mwingine, jamaa yake kware, naye ni kanga.

Ukipita Kware asubuhi utawaona watu wengi wakienda kazini viwandani, na kando ya njia wanawake wakipanga mboga na kukaanga mandazi. Huenda ukamwona kati yao bibi mmoja mwenye mvi, amevaa koti jekundu la mtumba, juu yake amejifunga leso ya manjano, na shingoni ana shanga za rangi tatu. Vijana humcheka. Husema, "Mtu mzima hovyo." Wanaamini kwamba rangi kali na mapambo ni haki ya ujana, na kwamba mwanamke akizeeka hana budi kujificha katika nguo za rangi ya majivu. Je, imani hiyo imetoka kwa wazee wetu? Tuiulize historia.

Katika desturi za kale za makabila mengi ya nchi hizi, pambo halikupungua kwa umri bali liliongezeka. Kwa Wakikuyu, mama aliyefikia daraja ya kuwa na mtoto aliyetahiriwa alivaa masikioni hang'i, pete kubwa za shanga, ambazo msichana hakuthubutu kuzivaa. Pwani nako, msichana ambaye hajaolewa alilelewa katika hali ya kujinyima mapambo. Hina ya miguuni na mikononi, asumini nywelini, na kisutu, ile kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, vilimngoja mlangoni mwa ndoa. Kwa hiyo, aliyemwona mwanamke aliyepambwa sana alijua ya kuwa ana miaka yake na mambo yake.

Sasa tufike kwenye kanga yenyewe, maana hapa pana jambo kubwa. Katika karne ya 19 nguo zilizouzwa kwa wingi Unguja na Mombasa zilikuwa mbili: merikani, pamba nyeupe ngumu iliyoletwa na majahazi ya Marekani, na kaniki, nguo iliyotiwa nili ikawa nyeusi. Hizo ndizo zilizokuwa vazi la watumwa. Mtumwa mwanamke hakuchagua rangi; alivaa alichopewa, tena alitembea kichwa wazi, kwa kuwa ushungi ulikuwa alama ya waungwana.

Katika robo ya mwisho ya karne hiyo, kama isimuliwavyo, wanawake wa pwani walianza kununua leso za kichwa zilizotiwa chapa, neno hilo leso likiwa limetoka kwa Wareno, wakazishona 6 pamoja, 3 juu na 3 chini, wakapata nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima za mtindo huo kutoka ng'ambo. Chapa nyingine zilikuwa na vitone vyeupe juu ya rangi ya giza, mfano wa manyoya ya kanga, na jina likashika. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" hujulikana mpaka leo. Yeye ndiye asifiwaye kwa kutia maneno juu ya kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja. Masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909, jambo ambalo vitabu vingi hulipita upesi mno. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907. Tazama basi mambo mawili yalivyokutana: watu wanapata uhuru, na madukani inaingia nguo yenye rangi, maua na maneno, ambayo mwenye senti zake aweza kuichagua mwenyewe. Fikiri, msomaji, habari ya mwanamke wa miaka 50, aliyevaa kaniki tangu utoto wake kwa amri ya mtu mwingine. Anasimama mbele ya duka kwa mara ya kwanza. Mwenye duka amtandikia doti 10, naye anaguswa na shida asiyoizoea, ambayo ni shida ya kuchagua. Ni nani angethubutu kumwambia kwamba umri wake umepita? Waliokuwa watumwa walishika kanga na ushungi kwa bidii kuliko waungwana wenyewe, na hapana shaka walijua walitendalo.

Tena kanga ilimpa mtu mzima kitu ambacho nguo nyingine haikumpa. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno. Mwanamke aliyekosana na jirani hakuwa na haja ya kufungua kinywa. Alivaa kanga yenye fumbo lake akapita mlangoni pa huyo jirani polepole. Kijana aliyefanya hivyo mara nyingi alikemewa na wakubwa wake. Bibi hakukemewa na mtu.

Nguo hiyo ilifikaje bara, hata ikaonekana katika mitaa ya mashariki ya Nairobi? Katika miaka ya mwanzo ya mji huo palikuwa na vijiji vya Waafrika kama Pangani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikaanzisha Pumwani. Wanawake waliokuja peke yao kutoka bara, wengine wakikimbia ndoa, wengine njaa, walijenga nyumba humo kwa fedha zao wakapangisha vyumba. Wengi walisilimu, na pamoja na dini wakapokea Kiswahili na mavazi ya pwani, kanga na buibui. Pangani ilibomolewa kufikia mwaka 1939, wala haikubaki nyumba. Lakini picha ya mwanamke mzima mwenye nyumba yake, asiyemwomba mtu fedha za nguo, ilikwisha ingia katika maisha ya mji.

Si nguo tu zilizosema. Muthoni wa Kirima alipigana msituni katika vita vya Mau Mau akapata cheo cha juu cha ujemadari. Alitoka msituni baada ya uhuru wa 1963 akiwa na nywele zilizosokotana, akakataa kuzinyoa. Miaka ikapita, nywele zikazidi kurefuka. Alizinyolewa tarehe 2 Aprili 2022, na mkono uliozikata ulikuwa wa Mama Ngina Kenyatta. Mwaka uliofuata akafariki. Karibu miaka 60 bibi huyo alibeba kichwani historia ya nchi, na mtu aliyemwona alilazimika kuikumbuka, apende asipende.

Wenye mamlaka wametaabika sana na mavazi ya wanawake vijana. Sketi fupi ziliandamwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na Uganda Idi Amin akazipiga marufuku mwaka 1972. Wanawake wazee hawakuandamwa. Walisahauliwa tu, na huenda kusahauliwa huko kuliwapa nafasi. Hata mwaka 2004, Kenya ilipotafuta vazi la taifa kwa mashindano, vazi lililochaguliwa halikushika kwa watu. Nadhani walioshauriana walikaa na mafundi wa mitindo kuliko kukaa na nyanya zao.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko New York alikuwako Iris Apfel, aliyezaliwa mwaka 1921, aliyevaa miwani mikubwa ya duara na vikuku tele mpaka kiwiko. Mwaka 2005, alipokuwa na miaka 84, Jumba la Makumbusho la Metropolitan lilifanya maonyesho ya nguo na mapambo yake, likayapa jina la Kilatini lenye maana ya ndege adimu. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 102. Vitu vyake vingine vilikuwa vya thamani kubwa, vingine vya bei rahisi kabisa, naye alivichanganya bila haya.

Kuchanganya huko ndiko afanyako yule bibi wa Kware. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba imefurika, na viwanda vyetu vya nguo viliumia. Rivatex ya Eldoret ilifungwa kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa mwaka 2019. Hasara hiyo haina budi kutajwa. Hata hivyo, katika soko la Gikomba nguo moja hailingani na nyingine, na mwenye jicho hupata asichonacho jirani. Kijana huenda huko akitafuta nguo afanane na wenzake. Bibi huenda alfajiri, marobota yanapokatwa, huigusa nguo kwa vidole kuuona uzito wake, huigeuza ndani nje aone mshono, kisha huishika kando ya leso aliyojifunga aone kama rangi zinapatana au zinagombana. Zikigombana vizuri, huinunua.

Mwombe nyanya yako akufungulie sanduku lake la nguo. Usimwulize kwanza bei wala mwaka. Mwulize kila leso ilinunuliwa wapi, ni nani aliyechagua maneno yake, na yalimlenga nani.