Ukingo na Wimbi: Istilahi za Mnururisho wa Nyota katika Kiswahili

Mwalimu anayefunzwa katika Chuo cha Ualimu Kinampanda, mkoani Singida, hurithi anga mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni ya mapokeo: Kilimia, kundi la nyota, limepata jina lake kutokana na kulima. Ya pili ni ya fizikia ya karne ya 20, ambayo haikudai majina ya nyota tu, bali pia majina ya matendo ya mwanga katika gesi iliyotanda baina yake.

Mwaka 1939 mwanafalaki wa Denmark, Bengt Strömgren, alionesha kuwa nyota yenye joto kali huzungukwa na eneo la haidrojeni iliyoionishwa, lenye mpaka bayana. Mnururisho wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 91.2 huing'oa elektroni kutoka katika atomu. Mwaka 1954 Franz Kahn aliuchambua mwendo wa mpaka huo. Mwanzoni husonga kwa kasi kubwa kiasi kwamba gesi haiwahi kutawanyika. Baadaye kasi hupungua; gesi iliyoionishwa, yenye joto la kelvini 10,000 hivi, huisukuma gesi baridi, na wimbi la mshtuko hutangulia mbele ya mpaka. Gesi iliyobanwa hupoteza joto kwa kunururisha, ikazidi kubanwa hadi kuwa tabaka jembamba.

Hapo ndipo istilahi hupimwa. Kuyaita yote mawili "wimbi" ni kuficha tofauti ya msingi: moja hubadili hali ya atomu, jingine huibana gesi. "Ukingo wa uionishaji" na "wimbi la mshtuko" huihifadhi tofauti hiyo.

Tangu 1967 shule za msingi za serikali Tanzania Bara zimefundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari zimeegemea Kiingereza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, kamusi huorodhesha maneno. Ni mwalimu anayeyaunganisha katika maelezo. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini vumbi la Kilimia huakisi tu mwanga wa nyota, wakati gesi ya Nebula ya Orion huionishwa na kung'aa yenyewe, ameithibitisha istilahi. Isipotumika hivyo, istilahi hubaki kitabuni, na mwanafunzi huvuka kwenda sekondari akiwa na jina la nyota bila lugha ya kazi yake.