Kucheza Ng'ombe Pemba: Urithi Usiohitaji Cheti cha Mreno

Pemba inajulikana kwa karafuu, lakini kiangazi kinapokaza, Wingwi upande wa kaskazini na Kengeja upande wa kusini hutajwa kwa jambo jingine: kuchezwa ng'ombe. Fahali wa nundu hufungwa kamba ndefu na kutolewa kiwanjani. Zumari linalia, ngoma zinajibu. Mchezaji humsogelea na kitambaa, humchokoza, kisha hukwepa pembe. Akizidiwa, hupanda mti ulio karibu au huokolewa na washika kamba. Wanawake huimba, wakimsifu hodari na kumkejeli mwoga. Fahali hauawi, akicheza vizuri hurudi zizini na sifa, na mwenye ng'ombe naye hupata jina.

Maelezo yaliyozoeleka yanasema mchezo huu uliachwa na Wareno. Nafasi ya kuuleta walikuwa nayo. Walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Katika kipindi hicho Pemba ilikuwa ghala la Mombasa: mchele na mifugo vilivushwa kwa vyombo kwenda kulisha mji na askari wake, na baadhi ya Wareno walikaa kisiwani.

Lakini kuna hoja ya kupima kwa makini, ile isemayo kwamba Pemba fahali hauawi kwa kuwa na Ureno hauawi uwanjani. Sheria ya Ureno ya kukataza kumuua fahali mbele ya watazamaji ni ya mwaka 1928, zaidi ya karne mbili baada ya Ngome ya Yesu kuanguka. Hata kama mbegu ilitoka Ureno, kumwacha fahali hai hakuwezi kuelezwa kwa sheria hiyo. Sababu iko karibu zaidi: kwa mkulima wa Pemba ng'ombe ni mtaji, na ndiye anayekokota gari la mizigo.

Tena, Bahari ya Hindi haikusubiri kufundishwa na Ulaya kuwapenda mafahali. Nchini Madagaska, vijana wa Kibetsileo hushindana kung'ang'ania nundu ya fahali katika mchezo wa savika. Katika pwani ya Batina, Oman, mafahali hupambanishwa wao kwa wao. Pemba imo katika ujirani huo.

Jambo ambalo asili ya Kireno haiwezi kulieleza kabisa ni mvua. Ukame ukizidi, ng'ombe wamekuwa wakichezwa ili mvua inyeshe, na kiwanja kikawa mahali pa kijiji kizima kupeleka haja yake. Hapo mchezo umeshikana na kilimo, na kijana anayejifunza kukwepa pembe hujifunza pia kalenda ya mashamba, nyimbo za mama zake na majina ya mafahali waliovuma kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo swali la nani aliuleta mchezo lina faida kwa mwanahistoria, ila halitoshi kupima urithi. Mpemba anayeupenda haulindi kwa kuwa ni wa kale au wa kigeni, bali kwa kuwa kijiji chake kimeupa kazi yake chenyewe. Ukibaki maonyesho ya wageni tu, bila mwenye ng'ombe, waimbaji na haja ya mvua, sura itaonekana lakini mchezo utakuwa umekwisha.