Ngazi Iliyokatwa: Vijana wa Taita, Shule na Kazi

Ukiitazama ramani ya nchi ya Taita, msomaji, utaiona Chawia upande wa kusini wa milima ya Dawida, kati ya Bura na Mwatate. Ni mahali pa juu, penye msitu mdogo wa asili uliosalia kileleni na mashamba yaliyoshikamana na mteremko. Chini yake ni nyika kavu, na katika nyika hiyo, upande wa Mwatate, yapo mashamba makubwa ya mkonge. Nakuomba uishike picha hiyo akilini, kwa sababu kwa miaka mingi safari ya kijana maskini wa huku ilikuwa ni kutelemka tu, kutoka mlimani hadi kwenye mkonge. Ngazi ya kupandia ilikuwako, nayo ni shule. Lakini ilikuwa imekatwa katikati.

Yako maneno yasemwayo mara kwa mara, kwamba watu wa zamani walibaki nyuma kwa kuwa waliikataa elimu. Maneno hayo yana ukweli wa siku chache tu. Mmisheni Wray wa chama cha CMS alipofika Sagalla mwaka 1883, na mapadre Wakatoliki walipojenga Bura mwaka 1892, wazee hawakuona faida ya kumtoa mtoto malishoni akakae chini ya paa kuimba herufi. Wala si haki kuwacheka. Mbuzi asiye na mchungaji huliwa na chui leo hii, na faida ya herufi ni ya kesho kutwa. Msichana naye alihesabiwa kuwa mkono wa nyumbani, wa maji na wa kuni, na hesabu hiyo ilidumu kuliko ile ya mbuzi. Kwa maoni yangu ndiyo iliyotupotezea akili nyingi zaidi.

Hata hivyo mambo yaligeuka upesi. Reli ilifika Voi mwaka 1897. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, nayo ilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha haikuota mlimani. Wakati wa vita, mwaka 1915, reli nyingine ikaanza kujengwa kutoka Voi kwenda upande wa Taveta, ikapita Mwatate, chini kabisa ya Chawia. Baada ya vita hivyo kikaja kipande: kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimika kukichukua, akakitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Ndani yake tajiri aliandika siku kijana alipoanza kazi, mshahara wake, na siku alipoachiliwa. Asiyeandikiwa kuwa ameachiliwa hakuweza kuajiriwa kwingine, naye akitoroka alishtakiwa. Kipande hakikuondolewa mpaka mwaka 1947. Basi fikiri wewe uliye na umri huo sasa: karatasi ya kwanza yenye jina lako haikuwa cheti cha shule, ilikuwa hiyo.

Pia ardhi ilipungua. Sehemu moja ilichukuliwa kwa mkonge, sehemu nyingine kwa kahawa huko Wundanyi. Watu waliopata kusoma katika shule za misheni ndio waliokuwa mbele kuanzisha Chama cha Milima ya Taita, akiwamo Mengo Woresha, ili kupinga jambo hilo. Mwaka 1940 Serikali ilikipiga marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wakatiwa kizuizini. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatengwa, ikawazunguka Wataita karibu pande zote. Kijana ambaye babu yake angemgawia shamba sasa alikuwa na njia mbili, darasa au mkonge.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ngazi yenyewe. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Beecher, aliyekuwa mtu wa kanisa na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, ilitoa taarifa juu ya elimu ya Waafrika. Mpango wake ulikuwa miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Mwisho wa mwaka wa nne palikuwa na mtihani wa kuchuja, na mwisho wa mwaka wa nane mtihani mwingine, ulioitwa KAPE. Mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, aliyesema Kidawida nyumbani na kujifunza Kiswahili, kisha Kiingereza, aliweza kufungiwa elimu kwa siku moja. Wakati huo huo, tangu mwaka 1942, mtoto wa Mzungu nchini Kenya alilazimishwa na sheria kusoma.

Nataka uangalie vizuri namna chujio lilivyofanya kazi. Mtihani wa namna hii haupimi tu nani anajua; unapima pia madawati mangapi yapo mbele. Madawati yakiwa thelathini na watoto mia mbili, mia na sabini wataitwa wameshindwa, hata wakiwa wote hodari. Neno “kushindwa” likaingia vijijini, wazazi wakaliamini, na watoto wakaliamini zaidi. Na aliyepasua mtihani bado alikutana na karo. Mara ngapi nafasi ilipatikana na mbuzi wa kuuza hakupatikana!

Baada ya uhuru tume ya Ominde, katika taarifa yake ya mwaka 1964, ilitaka watoto wa rangi zote wasome pamoja na elimu ijenge taifa moja. Shule za harambee zikajengwa kwa mawe na michango ya wananchi. Shule za msingi zikajaa. Lakini sekondari hazikuongezeka kwa kadiri hiyo, wala kazi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya likatoa kitabu kilichouliza: baada ya shule, nini? Kutokana na swali hilo zikazaliwa shule za ufundi za vijijini, ambamo aliyemaliza darasa la saba alijifunza useremala, uashi au ushonaji. Lilikuwa wazo jema, ila wazazi wengi waliziona kuwa shule za walioshindwa; neno lile la chujio lilikuwa limewatangulia vijana mpaka mlangoni.

Karo ya madarasa manne ya kwanza ilifutwa mwaka 1974, lakini mara zikaja fedha za majengo. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, na ada ya mafunzo ya sekondari mwaka 2008. Sare, chakula na bweni vikabaki juu ya mzazi. Mtihani wa KCPE, mrithi wa ule wa KAPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.