Lango la Mpanda Farasi

Wasikilizaji wetu, leo twazungumza habari za lango la shambani. Katika nyanda za juu za Kenya, Wazungu wenye mashamba walipanda farasi, na lango jema kwao lilikuwa lile lifunguliwalo bila ya kushuka. Komeo lake huwekwa juu, mkono wa mpandaji ufike. Nguzo yenye bawaba huinamishwa kidogo upande wa komeo, ili lango lirudi lenyewe kwa uzito wake.

Mbona huku Runzewe hatukurithi lango hilo? Si kwa uvivu wa mafundi. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye achukuaye nagana, ugonjwa uuao farasi na ng'ombe. Na mapori yetu ya miombo yalijaa mbung'o. Miaka ya 1920 watu wa Shinyanga, pamoja na Bwana Swynnerton, walifyeka vichaka vingi kumfukuza mdudu huyo. Ng'ombe walipata malisho, farasi hakuja.

Basi Wasukuma walizungushia mazizi yao minyaa, na penye njia wakalaza miti. Yamfaa aendaye kwa miguu. Bali baiskeli ilipofika, mwenye gunia la pamba nyuma ilimpasa ashuke, aiegemeze, aondoe mti mmoja mmoja. Akichoka, huacha wazi. Ng'ombe huingia mahindini, na jirani hukosana na jirani.

Baiskeli ndiyo farasi wetu. Komeo na liwe usawa wa kifua cha mpandaji, gurudumu la mbele lisukume, nalo lango lijifunge nyuma yake.