Ufahamu katika KCSE: Namna ya kuzigawa dakika zisikwishe kabla ya maswali

NAHODHA anayetoka Lamu mjini kuelekea Kizingitini, kwenye kisiwa cha Pate, huanza safari yake kwa kuuliza habari za maji. Mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yakijaa. Anayechelewa kung'oa nanga hukuta maji yamekupwa, na chombo hukwama hata kama kina injini ya nguvu.

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne hukabiliwa na hali iyo hiyo anapofungua karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE. Wengi hawaangushwi na ugumu wa maswali, bali na saa. Hutumia muda mwingi kwenye kifungu cha ufahamu kilicho mwanzoni, kisha wakajikuta wakiyaparamia maswali ya sarufi yenye alama nyingi zaidi huku msimamizi akitangaza kwamba muda unayoyoma.

Karatasi hiyo ya Lugha, 102/2, ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Mtahiniwa akitenga dakika 10 za kusahihisha kazi yake, husalia na dakika 140. Hesabu hiyo humpa dakika moja na robo tatu kwa kila alama.

Kwa kipimo hicho, ufahamu unastahili takriban dakika 26, ufupisho 26, matumizi ya lugha 70 na isimujamii dakika 18 hivi. Anayeutumia ufahamu dakika 45 huwa amekopa karibu dakika 20 kutoka sehemu nyingine, na deni hilo hulipwa kwa alama.

Jinsi ya kuzitumia dakika 26

Hatua ya kwanza ni kuyasoma maswali kabla ya kifungu. Kazi hii huchukua dakika mbili, na humwonyesha mtahiniwa anachokitafuta: sababu, athari, maoni ya mwandishi, au maana ya maneno yalivyotumika.

Hatua ya pili ni kukisoma kifungu mara ya kwanza bila kusimama. Kifungu cha maneno 500 humalizika kwa dakika tano kwa anayesoma maneno 100 kwa dakika. Neno gumu likijitokeza, lipigiwe mstari na msomaji aendelee mbele, kwani mara nyingi sentensi inayofuata hulifafanua.

Hatua ya tatu ni kurudi kwenye kifungu kwa kuongozwa na maswali, na kuandika majibu. Dakika 16 zinatosha kwa kazi hii. Idadi ya alama ndiyo kipimo cha urefu wa jibu: swali la alama moja linataka hoja moja, wala si aya nzima. Swali likitaka hoja tatu, mtahiniwa aziandike tatu zilizo wazi, kila moja peke yake.

Dakika tatu zinazobakia ni za kuyapitia majibu. Makosa ya tahajia na sarufi hukatiwa alama hata pale hoja ilipo sahihi, hivyo dakika hizo si za anasa.

Swali linalokataa kujibika kwa dakika mbili liachiwe nafasi, na mtahiniwa aendelee. Atalirudia mwishoni akili ikiwa imetulia. Swali la maana ya neno nalo lisijibiwe kwa ubashiri wa haraka: jibu lililochaguliwa liwekwe mahali pa neno lenyewe katika sentensi, ionekane kama maana inabaki ile ile.

Hali ya mwanafunzi wa Kizingitini

Mwanafunzi wa Kizingitini ana mambo mawili ya ziada ya kuyazingatia. La kwanza ni lahaja. Nyumbani husema Kibajuni, kiitwacho pia Kitikuu, na hukisikia Kiamu cha majirani. Kiamu husema “ndia” kwa njia, “mato” kwa macho na “ndoo” kwa njoo. Hilo la mwisho ni mtego, kwa kuwa katika Kiswahili sanifu ndoo ni chombo cha kutekea maji. Anayelazimika kuyageuza maneno kichwani kabla ya kuyaandika hupoteza sekunde kwa kila sentensi, na sekunde hizo hukusanyika zikawa dakika.

Dawa yake si kuidharau lahaja. Hiyo ni hazina: Mwana Kupona, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho cha Pate, alitunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858 kwa Kiswahili cha kaskazini. Kinachofaa ni daftari lenye safu mbili, moja ya neno la nyumbani na nyingine ya neno sanifu, linalopitiwa kila wiki hadi tofauti hizo zizoeleke.

La pili ni namna ya kusoma. Watoto wengi wa Lamu huanza kusoma chuoni, ambako Kurani husomwa kwa sauti na kila herufi hupewa haki yake. Huo ndio usomaji unaostahiki huko. Ufahamu wa mtihani hutaka usomaji mwingine, wa kimya na wa kasi, wenye kuwinda hoja. Stadi zote mbili zaweza kukaa kwa mtu mmoja, mradi ile ya pili nayo ifanyiwe mazoezi.

Mazoezi kabla ya siku yenyewe

Mazoezi hayahitaji gharama. Taarifa moja ya gazeti, saa ya mkononi na mwenzake wa kumtungia maswali vinatosha. Wiki ya kwanza mwanafunzi ajipe dakika 35 kwa kifungu kimoja, ya pili 30, na ya tatu ashuke hadi 26. Aandike kila mara alikochelewa: katika kusoma, katika kufikiri au katika kuandika.

Mtihani wa lugha ya Kiswahili katika KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na maswali 50 ya kuchagua yaliyojibiwa kwa dakika 100. Mtahiniwa alipewa majibu manne akateua moja. Waliopitia mlango huo na kuingia sekondari mwaka 2024 ndio watakaofunga pazia la mfumo wa 8-4-4 kwa KCSE ya mwaka 2027. Katika KCSE majibu hayateuliwi, huandikwa, na kuandika kunakula muda kuliko kuteua. Anayekwenda na mazoea ya zamani hulitambua hilo akiwa amekwisha kuchelewa. Anayeianza hesabu ya dakika mapema hukuta maji yangali yamejaa.