Kibete Hiki Si Kahawia

Kibete kahawia: jina hili limekwisha kuingia katika maandishi yetu, na nusu yake ni sahihi. Kibete ni kilichodumaa. Si kichanga kinachongoja kukua. Ndivyo lilivyo gimba hili la angani, ambalo tungamo lake halikutosha kuunguza haidrojeni maisha yote kama nyota. Kibete tukishike.

Kahawia ndiyo inayopotosha. Imezaliwa na kahawa, na msomaji ataona rangi ya buni. Jill Tarter alibuni jina la Kiingereza mwaka 1975, miaka 20 kabla ya gimba la kwanza kuthibitishwa. Rangi ilikuwa ya kukisia. Tuliite kwa tabia yake. Kadiri linavyozeeka ndivyo linavyofifia, basi liwe kibete kififiacho.

Kuviita vibete vya baridi nako hakutoshi. Cha baridi huenda hakikuwahi kupata moto. Kilichopoa kilikuwa nao. Kitenzi kupoa kimebeba historia nzima ya vibete hivi. Tuseme vilivyopoa.

Metali ina mtego. Wanafalaki huita hivyo kila elementi nzito kuliko heli, hata oksijeni tunayoivuta. Kusema “maskini wa metali” ni kumpeleka msomaji kwa mhunzi. Tunalo neno chapwa, la mchuzi uliokosa chumvi: kinachopungua ni kidogo, lakini ladha yote hubadilika. Napendekeza angahewa chapwa.

Angahewa lenyewe tusiliguse. Hewa ni ya Kiarabu. Anga ni ndugu wa mwanga na angaza. Nalo limesadifu, maana hewa ya huko twaijua kwa mwanga wake tu.

Spektroskopia ibaki maabarani. Kwa wasomaji wote, uchambuzi wa mwanga unatosha: kuchambua ni kutenga kimoja kimoja, huku maji, huku methani, huku amonia.

Kibete WISE 1534-1043 kimepewa kwa Kiingereza jina la utani lenye maana ya kugunduliwa kwa bahati. Asilitafsiri mtu kuwa Ajali, tukaokota majeruhi. Ni Sadfa. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa darubini ya James Webb imeona humo silani, silikoni iliyoshikana na haidrojeni. Katika angahewa chapwa oksijeni ni haba, hivyo silikoni haikumezwa yote na mawingu ya vumbi.

Mlinzi mwenzangu wa lugha, yajaribu maneno haya darasani na gazetini. Lisilofaa lipinge, ulete lililo bora. Istilahi huishi kwa kutumiwa.